TUMBO HALIPUMZISHWI KWA NJAA: historia ya kuhara, uji na chumvi, kutoka ng'ambo mpaka machimboni kwetu

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu kuhara na chakula, na wengi mmenikumbusha inbox. Imekuwa ndefu, kwa hiyo nimeigawa vipande saba. Soma kimoja, kapike, rudi usome kingine. Leo sianzi na ushauri, naanza na historia, maana ushauri bila historia watu wanausikia na kuuacha mlangoni.

SEHEMU YA 1: SENTENSI NINAYOISIKIA KILA WIKI

"Nesi, tangu juzi sijampa kitu, naogopa akila ataharisha zaidi."

Kama unaishi Shinyanga, Kahama, Katoro au Geita mjini, hii sentensi unaijua. Labda umeisema wewe, labda mama mkwe ndiye aliyekuamuru. Na ukiitazama ina akili yake: kinachoingia juu ndicho kinachotoka chini, basi tusiingize, tumbo lipumzike.

Shida ni kwamba mtoto analetwa siku ya tatu macho yameingia ndani, mdomo umekauka, analia bila machozi. Ukivuta ngozi ya tumbo kidogo inarudi polepole kama nguo iliyolowa. Hapo mtoto anapigana na vitu vitatu kwa pamoja: kuhara, kiu na njaa. Kuhara kulikuja kwenyewe. Kiu na njaa tuliviongeza sisi watu wazima, kwa nia njema kabisa.

Sasa sikiliza. Huyo mama si mshamba. Wazo lake lilikuwa ndani ya vitabu vya udaktari vya Ulaya na Marekani kwa miaka mingi sana, na limeondolewa juzi juzi tu, wakati wazazi wetu wako hai. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: MADAKTARI WALIOTOA DAMU

Mwaka 1831 kipindupindu kilifika Uingereza. Hakuna aliyejua kinasababishwa na nini. Tiba za wakati ule, jamani, ukizisoma unashika kichwa: mgonjwa aliyekauka kwa kuharisha anatolewa damu, halafu anapewa kalomeli, dawa ya kuendesha iliyotengenezwa kwa zebaki. Ndiyo, zebaki, ndugu yake hiyohiyo wanayokamatia dhahabu huku kwetu. Mtu anaharisha, anapewa cha kumharisha.

Daktari kijana aliyeitwa O'Shaughnessy akapima damu ya wagonjwa, akaona imepungukiwa maji na chumvi. Mwaka uliofuata, 1832, daktari mwingine, Thomas Latta, kule Leith, Scotland, akajaribu kuwarudishia: aliingiza maji ya chumvi moja kwa moja kwenye mshipa. Watu waliokuwa wanakata roho wakafumbua macho. Hiyo ndiyo babu ya dripu unayoiona leo imening'inia wodini. Lakini vifaa havikuwa safi, wagonjwa wengine walizidiwa tena baadaye, na madaktari wenzake hawakumwelewa. Wazo likawekwa pembeni kwa miongo mingi.

Kwa watoto, kanuni iliyokuja kutawala mpaka katikati ya karne ya 20 ilikuwa "kupumzisha utumbo". Mtoto akiharisha, anafungwa mdomo saa 24 au zaidi, kisha maziwa yanarudishwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Hospitali kubwa zilifanya hivyo. Umeona? Bibi yako na profesa wa London walikuwa wanasema kitu kimoja.

Mwaka 1948 Marekani ulichapishwa utafiti uliolinganisha watoto wanaoharisha: wengine waliendelea kulishwa, wengine walinyimwa. Waliokula walitoa choo kingi zaidi kidogo, hilo ni kweli na ndilo linalowatisha akina mama mpaka leo. Lakini hawakuchelewa kupona, na miili yao ilibakiza chakula kingi zaidi kuliko waliokaa na njaa.

Kwa nini? Kwa sababu ngozi ya ndani ya utumbo inajifanya upya kila baada ya siku chache, tatu mpaka tano hivi. Ili ijijenge inahitaji chakula, na sehemu ya chakula hicho inakichukua palepale kinapopita. Ukimnyima mtoto chakula, umemnyima fundi matofali halafu unashangaa ukuta haujapanda.

Pamoja na hayo, kanuni ya njaa haikufa mara moja. Mazoea ni kitu kigumu, hata kwa wasomi.

SEHEMU YA 3: CHUMVI HAIPANDI BILA SUKARI

Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kitu kidogo kilichokuja kuokoa mamilioni ya watu. Kwenye ukuta wa utumbo kuna milango, na mlango mmojawapo una sharti: chumvi na sukari lazima ziingie pamoja. Zikishaingia, maji yanazifuata. Fikiria hiace ambayo konda hapakii abiria mmoja mmoja, anataka wawiliwawili. Sasa jambo la ajabu ni kwamba sumu ya kipindupindu inaharibu mengi lakini mlango huu hauufungi. Mtu anaharisha ndoo nzima na bado mlango uko wazi, unasubiri abiria wake wawili.

Mwaka 1968 kule Dhaka, ambayo leo ni mji mkuu wa Bangladesh, madaktari David Nalin na Richard Cash wakaonyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kutibiwa kwa kunywa maji ya sukari na chumvi yaliyopimwa vizuri, na mahitaji ya dripu yakapungua sana.

Ushahidi wa nguvu ulikuja kwenye shida. Mwaka 1971 vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh viliwakimbiza mamilioni ya watu kuingia India. Kwenye kambi ya Bangaon kipindupindu kikaingia, wagonjwa wakalazwa sakafuni, dripu zikawa zinaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua: changanyeni chumvi, glukosi na magadi kwenye mapipa, ndugu wa mgonjwa wachote na kunywesha wenyewe. Hakukuwa na manesi wa kutosha, hivyo mama, baba, dada wakawa manesi. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka mpaka chini ya 4. Mwaka 1978 jarida la kitabibu la Lancet likaandika kwamba ugunduzi huu huenda ukawa mkubwa kuliko yote ya tiba katika karne ile. Maji, chumvi na sukari!

Kuanzia 1980, shirika la BRAC la hukohuko Bangladesh likatuma akina mama kupita nyumba kwa nyumba kufundisha: chumvi ya kubana kwa vidole, sukari guru kiganjani, maji safi. Kwa miaka kumi walifikia kaya zaidi ya milioni 12. Na mfundishaji alilipwa kulingana na akina mama walivyokumbuka somo baadaye, siyo kwa idadi ya nyumba alizopita. Hapo nawavulia kofia.

Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani lilianza kusambaza pakiti za ORS na ujumbe wake: mnyweshe, endelea kumnyonyesha, endelea kumlisha. Mwaka 2004 likaongezwa agizo la vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14.

SEHEMU YA 4: JIKO LA USUKUMANI

Turudi nyumbani. Babu zetu walikula nini? Ugali wa mtama na uwele, mlenda, majani ya kunde yaliyokaushwa, maziwa ya mgando, karanga. Viazi vitamu vilikatwa vikaanikwa vikawa michembe, au vikachemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikawa matobolwa. Ukitazama jiko hilo utaona lilisimama juu ya mbinu mbili za kutunza chakula: jua na uchachu. Kilichokauka kabisa hakioti vijidudu. Kilichochachuka kina asidi, na vijidudu vingi vya kuhara havipendi asidi. Wazee hawakuwahi kuona bakteria lakini walikuwa wameshapambana nao.

Tusiwasifie kupita kiasi lakini. Maji yalikuwa ya lambo na visima vya mchangani, ng'ombe na watu pamoja, na vyoo vilikuwa vichache. Watoto walikufa, wengi, na majina yao hayakuandikwa popote.

Kisha mambo yakabadilika. Pamba ikashika Usukuma, mahindi na mihogo vikazidi kuingia shambani na kwenye chungu. Miaka ya 1974 mpaka 1976 Operesheni Vijiji ikawakusanya watu waliozoea kuishi mbalimbali. Watu wengi wakikaa pamoja, choo cha jirani kinakuwa karibu na kisima chako. Na ilikuwa 1974 hiyohiyo Tanzania iliporipoti kipindupindu kwa mara ya kwanza katika wimbi la sasa. Kuanzia 1977 kikawa mgeni anayerudi.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Waulize wazee wenu. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi, redio katikati, kitabu mkononi, wakisikiliza habari za malaria, minyoo, kuhara na maji, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, ya lishe. Yaani kabla ya simu na magrupu ya WhatsApp, nchi nzima ilikuwa inasoma afya chini ya mwembe.

Kwa Shinyanga yetu kavu, hatua nyingine kubwa ilikuja 2009, mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria ulipofika Kahama na Shinyanga. Wanaojua foleni za maji za zamani wanaelewa. Huwezi kumhubiria mtu kunawa mikono kama ndoo moja inatakiwa kupika, kuoga na kunywesha mbuzi.

SEHEMU YA 5: TOGWA ILIVYOINGIA MAABARA

Hiki kipande nakipenda kuliko vyote, maana hapa mashujaa ni Watanzania.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa 1973. Wataalamu wake walijiuliza: kwa nini mtoto wetu akianza uji anaanza kudhoofika? Wakaona mambo mawili.

La kwanza, uji wenyewe. Ukiupika mzito mtoto hamezi. Ukiuongeza maji anameza, lakini tumbo lake dogo linajaa maji na unga ni kiduchu. Mwaka 1983 Mosha na mwenzake Svanberg wakachapisha kazi kuhusu kimea, unga wa nafaka iliyooteshwa ikakaushwa. Kijiko kidogo cha kimea kwenye uji mzito uliopoa kiasi, na uji unalainika mbele ya macho yako, bila kuongeza tone la maji. Mtoto anakula unga mwingi kwa kikombe kilekile. Angalizo: kama ni kimea cha mtama, machipukizi na mizizi viondolewe vyote kabla ya kusaga, vina sumu.

La pili, uchachu. Mwaka 1994 Wilbald Lorri na Svanberg walichapisha utafiti uliofanyika vijijini hapahapa Tanzania: watoto waliolishwa uji uliochachuliwa waliharisha mara chache kuliko waliokula uji usiochachuliwa. Mtafiti mwingine, Rose Kingamkono, akaonyesha kwamba vijidudu vinavyoleta kuhara vinashindwa kukua kwenye uji huo. Togwa ya bibi, ile inayonywewa sana Iringa, Ruvuma na Morogoro, ikapata cheti cha maabara.

Sisi Kanda ya Ziwa tuna ndugu yake, maziwa ya mgando. Bakteria wazuri wanaogandisha maziwa wanakula sehemu ya sukari ya maziwa, ndiyo maana tumbo lililochoka linayavumilia vizuri kuliko maziwa mabichi. Lakini maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yagandishwe kwenye chombo safi. Na togwa ikishaiva usiiongezee maji ya kisima yasiyochemshwa. Hapo umefuta kazi yote.

SEHEMU YA 6: MACHIMBONI

Sasa wewe uliyeko Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Kakola, hii ni yako.

Dhahabu ya Geita ina historia ndefu. Mgodi wa zamani ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 mpaka 1966. Miaka ya 1980 mwishoni na 1990, wachimbaji wadogo wakamiminika, na mwaka 2000 mgodi mkubwa wa kisasa ukafunguliwa. Lakini maisha ya duarani yanajulikana: fununu ikitoka kwamba sehemu fulani "inatema", ndani ya wiki tatu pori limekuwa mji. Kuna maturubai, karasha, baa, mama ntilie. Kitu kinachochelewa ni choo na maji.

Chakula cha machimboni kina sura yake. Mchimbaji anatoka shimoni saa tisa alasiri na njaa ya simba. Wali maharage vimepikwa asubuhi, vimekaa kwenye sufuria saa sita kwenye joto. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake haziuliwi na kuchemsha. Wali ukipoa taratibu zinaamka na kuacha sumu, na ukipasha moto sumu ya kutapisha haiondoki. Ndiyo ile unakula saa tisa, saa kumi na moja unatapika, unamsingizia mtu amekuroga ili achukue sehemu yako. Halafu beseni moja la kunawia, watu kumi na watano, maji yaleyale. Wa kwanza ananawa, wa kumi na tano anajipaka.

Mama ntilie wangu, sikuchukii, wewe ndiye unayelisha machimbo. Naomba vitu vitatu. Pika kidogo mara mbili kuliko kingi mara moja. Chakula kiwe kinatoa mvuke unapopakua. Na ondoa beseni, weka ndoo ya koki au kibuyu chirizi, watu wanawe kwa maji tiririka na sabuni. Mteja haharishi, kesho anarudi. Hiyo ni biashara.

Usifikiri natisha. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, na mpaka 2018 nchi nzima ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 30,000 na vifo zaidi ya 500. Mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 kilikuwa huku kwetu, Simiyu, Mwanza, Shinyanga. Mgonjwa mmoja, choo hakuna, mvua moja, na mwalo mzima unakunywa.

Na maji ya kuoshea udongo wa dhahabu msiyapikie. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi zebaki. Uchachu nao hauiondoi.

SEHEMU YA 7: MENO YA PLASTIKI

Hili lazima niliseme, hata kama mtaniblock.

Tangu miaka ya 1980 imeenea nchini imani ya "meno ya plastiki": mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, fizi zake zinachokonolewa, vijino ambavyo havijaota vinang'olewa. Damu inatoka, vidonda vinaingia vijidudu, na mtoto mwenye kuhara sasa hanyonyi kwa sababu mdomo unauma. Tumerudi kwenye njaa ileile ya Sehemu ya 1, kwa njia ya kisu.

Hata hapa Wazungu hawatuzidi. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa inaandika "kuota meno" kama sababu ya kifo, na kwa mwaka mmoja watoto waliosajiliwa hivyo walifika maelfu. Madaktari wao walichana fizi. Waliacha baada ya kuelewa kitu rahisi: umri wa kuota meno ndio umri wa kuanza uji, kutambaa na kuokota kila kitu na kutia mdomoni. Meno yapo tu karibu na tukio, kama jirani aliyekutwa mlangoni siku ya wizi. Mwizi ni kikombe kichafu, uji wa asubuhi uliolishwa jioni, chuchu ya chupa isiyochemshwa, na virusi. Ndiyo maana tangu 2013 watoto wetu wanapata chanjo ya rota. Mpeleke kliniki, usimpeleke kwa mng'oa meno.

BASI TUFANYE NINI

Historia yote hiyo, karibu miaka 200, inaingia kwenye mistari michache. Uikopi, uitume kwenye grupu la familia.

Mtoto anaharisha: ORS pakiti moja kwenye lita moja ya maji safi, kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika kumi, anza tena. Kama pakiti haipo: maji lita moja, sukari vijiko vya chai sita vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe. Soda na juisi za sukari nyingi zinavuta maji kuingia utumboni, anaharisha zaidi. Uji mwepesi, maji ya wali na supu viendelee.

Zinki kwa siku 10 mpaka 14, hata kama kuhara kumekoma siku ya pili. Nyonyesha zaidi ya kawaida. Aliyeanza kula aendelee: uji wenye kimea, mgando, ugali laini na mchuzi wa dagaa waliosagwa, ndizi, parachichi. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, arudishe alichopoteza.

Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, pamoja na ORS na zinki atakazoandikiwa kituoni.

Kimbia kituo cha afya ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, analegea au hashikiki kuamka, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, hakojoi, au choo ni maji meupe kama ya kuoshea mchele. Njiani usiache kumnywesha, hata kwenye bodaboda.

Na yule mama wa "naogopa akila ataharisha zaidi", ukikutana naye usimcheke. Mwambie ni kweli anaweza kutoa choo kingi kidogo, na bado atapona akiwa na nguvu. Hilo ndilo jibu ambalo hakuwahi kupewa. Tuliishia kumwambia "mlishe" bila kumweleza.

Maswali weka kwenye comment, nikitoka zamu nitajibu. Na niambieni: kwenu mtoto akiharisha bibi anampa nini? Andika na jina la kijiji, nataka kujifunza.